Ukurasa unaganda nikiuambia usubiri

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza ukurasa wa kuagiza chakula. Mteja akibonyeza "Lipa", nataka skripti isubiri sekunde 3 ndipo iulize seva kama hela imeingia. Kama bado, isubiri tena. Kwenye PHP nilizoea sleep, JavaScript haina. Nikaandika while inayozunguka mpaka Date.now() ifikie muda ninaoutaka. Simu inaganda, hata maneno "Tunasubiri malipo" hayaonekani. Nikiweka setTimeout, mistari ya chini yake haisubiri. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Tuanze na hayo maneno yasiyoonekana. Mstari unaoyaweka ulishapita kabla ya while, ila kivinjari hakichori kitu kwenye kioo mpaka skripti yako imalize zamu yake. Kuchora, kupokea mguso wa mteja na kuendesha skripti, vyote vinapita foleni moja. While yako inaiziba foleni hiyo sekunde 3 nzima ikitazama saa tu, na betri ya mteja inaliwa. Ifute.

setTimeout haisimamishi chochote. Inaagiza kazi ifanywe baadaye, kisha mistari inayofuata inaendelea. Na usiandike setTimeout(uliza(), 3000), uliza ikiwa fanksheni yako na 3000 ikiwa milisekunde, yaani sekunde 3: mabano yale yanaiita uliza papo hapo. Andika hivi (Promise ni kitu kinachoshikilia jibu litakalokuja baadaye):

const subiri = ms => new Promise(r => setTimeout(r, ms));

async function fuatilia() {
  for (let i = 0; i < 20; i++) {
    await subiri(3000);
    if (await imelipwa()) return true;
  }
  return false;
}

Hapo imelipwa ni fanksheni yako ya kuuliza seva. await, iliyoingia rasmi kwenye JavaScript mwaka 2017, inasimamisha fuatilia peke yake. Kitufe na maandishi vinaendelea kama kawaida. Baki na for, maana forEach, njia nyingine ya kupitia orodha, haisubiri await iliyo ndani yake.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo zito. Mteja atatoka kwenye ukurasa wako akasome meseji ya muamala. Ukurasa ukifichwa, vivinjari hupunguza kasi ya vipima muda hadi mara moja kwa sekunde, na Chrome tangu toleo la 88 la mwaka 2021 inaweza kufika mara moja kwa dakika ukurasa ukifichwa zaidi ya dakika 5. Simu inaweza hata kuusimamisha kabisa. Kwa hiyo 3000 yako ni muda wa chini, si ahadi. Sikiliza tukio la visibilitychange, linalotokea ukurasa ukifichwa au ukionekana tena; mteja akirudi uliza seva hapo hapo.

Tena usiuachie ukurasa kazi ya kuthibitisha malipo. Seva ndiyo iandike oda imelipwa, pale inapopokea taarifa kutoka mfumo wa malipo, hata kama mteja ameshafunga kila kitu. Na mizunguko 20 ikiisha bila jibu, tafadhali usimwandikie mtu aliyekwisha katwa hela yake kwamba "Malipo yameshindikana". Mwambie bado yanahakikiwa, umwekee na kitufe cha kuangalia tena.