Kwa Nini Helikopta Ilipinduka Ikiwa Imekwisha Kugusa Ardhi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilishuhudia helikopta ya kunyunyizia dawa mashambani ikitua kando ya shamba ili ijazwe dawa upya. Hapakuwa na upepo, na rubani alikuwa akiishusha taratibu. Mguu wake mmoja uligusa tuta, ikainama, na kabla hatujatanabahi ilikuwa imelala ubavu, mapanga yamevunjika vipande vipande. Rubani alitoka salama. Je, hakuweza kuirudisha angani? Nasi wenye mashamba tuandaeje mahali pa kutua?

JIBU: Tukiyafuata maelezo yako, inaelekea kwamba helikopta hiyo ilipinduka kwa kuegemea mguu mmoja, ajali ambayo marubani hutahadharishwa juu yake tangu mafunzoni. Helikopta iliyo hewani huweza kuinama kushoto au kulia na rubani akairekebisha bila taabu. Lakini mguu mmoja ukishanaswa na tuta, kisiki, tope au hata mpira wa kujazia dawa uliosahauliwa, mguu huo hugeuka bawaba, na mashine nzima huanza kuzunguka juu yake. Ikishapata kasi ya kuzunguka, usukani hauwezi tena kuizuia, hata kama rubani ameusukuma hadi mwisho upande wa pili.

Kuhusu kuirudisha angani, jibu ni kwamba kufanya hivyo ndiko kungeimaliza upesi zaidi. Nguvu ya rafadha kuu, yaani mapanga makubwa yanayozunguka juu ya helikopta, haivuti kuelekea mbinguni daima, bali huvuta kuelekea upande ambao rafadha yenyewe imeelekea. Kwa hiyo mashine iliyoinama ikiongezewa nguvu huku mguu umenaswa, husukumwa ubavuni badala ya kunyanyuliwa. Rubani hutakiwa kuushusha wenzo wa kunyanyulia, ili uzito wa helikopta uirudishe chini, naye aushushe kwa utulivu, kwani akiubwaga ghafla mashine huweza kudunda na kuangukia upande wa pili. Ni rahisi kuyaandika haya mezani. Aliye ndani yake ana sekunde moja au mbili tu, na silika ya binadamu anayeona ardhi ikimjia ni kupanda juu.

Hatari hiyo ipo pia wakati wa kuondoka, hasa tangi likiwa limejaa na mguu umezama kwenye udongo laini.

Sasa mahali pa kutua. Kwa helikopta nyingi, mteremko wa nyuzi 5 huhesabiwa kuwa kikomo cha kawaida, yaani ardhi inayopanda sentimita 9 hivi kwa kila mita moja. Kiwango hicho ni kidogo kuliko macho yanavyodhani, kwa hiyo pimeni kwa ubao mrefu na pimamaji. Sawazisheni matuta, ng'oeni visiki, fyekeni majani marefu yanayoficha mashimo, na mwagieni maji penye vumbi, kwa kuwa rubani asiyeiona ardhi hawezi kujua kama anasogea pembeni. Magunia matupu, kamba na karatasi za plastiki ziondolewe, maana upepo wa rafadha huzirusha hadi kwenye mapanga. Mpira wa kujazia ufunguliwe na kuwekwa mbali, kisha mtu mmoja aliyeteuliwa ndiye ampe rubani ishara ya kuondoka.

Endapo hamna budi kutumia mahali penye mwinuko kidogo, mtu yeyote asiifikie helikopta akitokea upande wa juu, kwa sababu huko ndiko mapanga hupita karibu zaidi na ardhi.