Upanga gani? Hakuna, ama labda ule wa Ole

Mhariri, swali lenu la wiki hii, ati upanga gani wa hadithi ama wa historia ningetaka uwe wangu, nililisoma kwa matatu Jumatatu nikasema hili silijibu. Sasa ni Alhamisi usiku, bado linanisumbua, wacha niandike nilale.

Jibu ni hakuna. Sitaki. Najua wengine watawaandikia Excalibur ya King Arthur, wengine Dhulfikari ya Sayyidna Ali, na vijana wa katuni za Kijapani watataka katana, na ni sawa. Lakini kwani sisi hapa upanga umetufanyia nini? Simba wa ngao ya taifa wameshika mikuki. Lwanda Magere, shujaa wa Waluo, alimalizwa na mkuki, tena uliodungwa kivulini. Fumo Liyongo, shujaa mzima wa Pate, yule Kijumwa alimwandikia utendi 1913, aliuawa na mtoto wake mwenyewe akiwa amelala, kwa sindano ya shaba kitovuni. Sindano! Hata Dedan Kimathi wa Mau Mau, pale mtaani kwake Nairobi, karibu na ile hoteli ya Hilton iliyofungwa, sanamu yake imeshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono ule mwingine.

Halafu kuna mambo ya lugha. Sande skul tulisomewa "wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga" na mimi kichwani nikamwona Petro na panga ya shosho ya kukatia ng'ombe nepia. Nilicheka nikatolewa nje. Siku hizi sicheki, kwa sababu Mkenya wa rika langu ukimtajia panga kuna mwaka unamjia, na huo mwaka mnaujua, ule wa fujo za uchaguzi wa 2007.

Sasa niwaambie upanga wa kweli niliouona. Tulikuwa tunakaa Eastlands, nyumba 24 na geti moja, na soja wetu alikuwa Mmaasai, kila mtu alimwita Ole tu, na alikuwa na sime kiunoni, ala nyekundu, haitoki. Watoto tulikuwa tunaambiana ikichomolewa lazima ikunywe damu ndio irudi. Krismasi ya 2007, nilikuwa darasa la saba, baba akanunua mbuzi, na wakati wa kuchuna kisu cha mama kikagoma, butu kabisa, ikabidi aende getini kuomba sime. Nilijua Ole atakataa. Akaichomoa hivi hivi, akaipangusa na shuka, akampa baba upande wa mpini. Nikakaribia. Kwa mpini ni nyembamba halafu inaenda ikipanuka mpaka karibu na ncha, na kwa bapa lake kulikuwa na vimistari vimepishana pishana, vidogo sana, nikauliza ni maandishi? Ole akasema hii ilikuwa tupa.

Tupa! Ile ya fundi! Mhunzi aliitia moto akaigonga mpaka ikawa sime lakini meno ya tupa hayakuisha yote. Nilikuja kujua baadaye nyingi zilitengenezwa hivyo, tupa kuukuu, halafu springi za magari, na kwamba hao wahunzi wao, ilkunono, ni watu ambao Wamaasai wengine hawakutaka hata kuoa kwao. Yaani mtu anakutengenezea upanga na binti humpi. Hiyo ndiyo hadithi ningesoma mimi, si ya mfalme na chuma kwa jiwe.

Tulikula mbuzi sote, Ole akapewa maini, damu ilikunywewa ikawa ya mbuzi, mchezo ukaisha.

Siku mbili baadaye wazazi wakapiga kura. Jumapili tarehe 30 matokeo yakatangazwa na usiku huo wanaume wote walikuwa getini, moshi unaonekana kule mbali, unga umeisha dukani, kadi za simu hakuna. Mmoja alikuja na fimbo ya gofu, mwingine na chuma cha kitanda, na jirani yetu mmoja, mwalimu, mtu mpole ajabu, alikuwa na panga mpya bado ina karatasi ya bei. Nilikuwa dirishani juu. Kitu sikuelewa wakati huo ni kwamba walisimama kulinda geti lakini macho yalikuwa yanaangalia ndani. Walikuwa wanahesabiana makabila. Watu waliokula sinia moja Jumanne.

Baba akamwambia Ole, lete hiyo sime kidogo. Ole hata hakusimama. Akasema, "Baba Joy, ya mbuzi nilikupa. Hii siwezi."

Baba akacheka, akarudia, akidhani ni utani. Ole akavuta shuka akaifunika. Hakuna mtu alisema kitu. Baba akarudi nyumbani akakaa kwa kiti na viatu miguuni mpaka asubuhi, na hakuna mtu alikuja getini usiku huo. Alitaka kumlinda nani, ama kumkata nani? Sijawahi kumuuliza, na sidhani nitamuuliza.

Nikiwa chuo nilisoma venye 1588 huko Japani mtawala wao Hideyoshi alinyang'anya wakulima panga zao, akawaambia chuma kitafanya misumari ya kujengea sanamu ya Buddha, wapate baraka. Kumbe ni ili wasimwasi tu. Mpini ukabaki kwake na watu wake. Ole hakumnyang'anya mtu yeyote, alikataa na yake, basi.

Sasa naona nilianza nikisema sitaki upanga na nimeandika mistari yote hii juu ya mmoja. Sawa, andikeni huo wa Ole. Lakini si wa kutundika sebuleni, mke wangu hawezi kukubali, tuna mtoto wa miaka minne anayepanda kila kitu, tena kusema ukweli hata sijui kama nina haki nao, na Ole alirudi Kajiado zamani, namba yake haiingii.

Mwaka jana nilienda Maasai Market Jumamosi, pale kortini, nikashika moja ya ala nyekundu nikauliza, mama, hii ni ya tupa? Akacheka mpaka akaita mwenzake. Akaniambia hii ni ya mtalii kijana wangu, ya tupa ni ya mzee wangu na haiuzwi. Nikainunua hivyo hivyo. Iko juu ya friji, haikati hata kitunguu. Baba alipokuja Pasaka aliishusha, akaichomoa nusu, akaangalia bapa lake pande zote mbili, akairudisha.