Nyumba ya nyanya Majengo: usianze na rangi

Ndugu uliyeuliza kuhusu boma la babu yako kule Dagoretti, kwamba wewe unataka liwe mahali pa majirani kukutana na watoto kusoma, huku wenzako wakitaka liuzwe zijengwe gorofa: yalinifika hayo hayo kwa nyumba ya nyanya yangu, Majengo ya Pumwani, hapa Nairobi.

Usianze na rangi, anza na mirathi. Nyanya alizoea kusema nyumba hii isiuzwe, lakini kauli ya mdomoni haimzuii mtu kudai fungu lake, na kwetu Waislamu hata wasia wa maandishi hauvuki theluthi ya mali. Tulikaa vikao mwaka mzima. Shangazi zangu wakakubali mafungu yao yawe wakfu, yaani mali isiyouzwa wala kurithiwa tena, tukaenda kwa kadhi yakaandikwa. Ami mmoja akasema anataka pesa zake, na ilikuwa haki yake. Tukapangisha vyumba viwili vya mbele, kimoja kwa fundi cherehani, kingine kwa mama wa chapati, kodi ikawa inakwenda kwa ami hadi tukamaliza. Wewe huenda usihitaji kadhi, ila kama hati bado ina jina la marehemu, fungueni kesi ya mirathi kwanza.

Na usidhani serikali ikilichukua ndiyo utapumua. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga akitumaini iwe kituo cha utafiti. Vitabu vyake, zaidi ya 8,000, vipo Nyaraka za Kitaifa pale mjini. Nyumba ilibomolewa. Ipo Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, na jengo likitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali linapata kinga. Omba, sikukatazi. Lakini kinga haizibi paa linalovuja.

Kosa letu kubwa lilikuwa saruji. Nyumba ni ya Kiswahili: ukumbi katikati kutoka mlangoni hadi uani, vyumba huku na huku, kuta za fito na udongo. Fundi akatushauri tupige plasta ya saruji nje ipate kupendeza, nasi tukaona tumeendelea. Masika ya kwanza, ukuta wa upande wa choo ukafura. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Kipande cha ukubwa wa mlango kikaporomoka, na nyuma yake udongo umekuwa tope, fito zimeliwa na mchwa, ukizishika zinageuka unga. Udongo hunywa maji na kuyatoa. Saruji iliyafungia ndani. Tulibandua yote, tukabadilisha fito, tukakandika upya na kumalizia kwa chokaa. Mzee aliyeijua kazi hiyo alikuwa anakaa mtaa wa pili tu, na alitucheka vizuri kabla ya kushika mwiko.

Kosa la pili lilikuwa kabati la vioo. Tuliweka humo mbuzi ya nazi ya nyanya, redio yake na picha za harusi, tukangoja wageni. Walikuja wachache, wakapiga picha, wakaenda. Tulipoliondoa tukaweka meza ndefu na taa ukumbini, watoto wakajaa wenyewe baada ya shule, maana kwao hakuna pa kufungulia daftari. Jumamosi wazee hukaa barazani na vijana huwarekodi kwa simu: nani alipanga chumba gani, alitoka wapi, alifanya kazi gani. Mabishano ni mengi kuliko historia, lakini ndiyo yanayowaleta. Mbuzi imerudi jikoni, inakuna nazi.

Ufunguo tumemwachia mama wa chapati. Kamati ilitaka ukae kwa mwenyekiti, lakini mwenyekiti huamka saa tatu, na mama huyu saa kumi na moja alfajiri ameshawasha jiko.