Kiungo cha Tovuti Hakitoshi: Kunukuu Sensa za Zamani Katika Historia ya Ukoo

Hapa Moshi, anayefuatilia historia ya ukoo hutegemea zaidi vitabu vya ubatizo na kumbukumbu za wazee, kwa kuwa sensa zetu, tangu zile za Tanganyika za 1948 na 1957 hadi ya 2022, huchapishwa kama takwimu, bila majina ya watu. Zipo hata hivyo familia zenye babu aliyetoka Uingereza, na nimekuwa nikimsaidia shemeji yangu kumtafuta mmoja wa namna hiyo, mlowezi wa kahawa, kwa upande wa mama yake. Kazi hiyo imenipa msimamo: kiungo cha tovuti peke yake si rejea, na picha ya skrini iliyotupwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ni pungufu zaidi, kwa sababu baada ya mwaka mmoja hakuna atakayejua ilitoka wapi.

Waraka wa sensa ya England na Wales una namba yake katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London, na namba hiyo haibadiliki hata tovuti ikifungwa. Sensa ya 1881 iko chini ya msimbo RG 11, ya 1911 chini ya RG 14, na ya 1921 chini ya RG 15. (Ya 1931 usiitafute, iliteketea kwa moto mwaka 1942.) Kwa 1881, baada ya RG 11 andika namba ya jalada, namba ya karatasi na namba ya ukurasa. Namba ya karatasi ndiyo inayosumbua, kwa maana imegongwa muhuri upande wa mbele tu, kwenye kona ya juu kulia. Ukikuta ukurasa usio na muhuri, rudi kwenye ule unaoutangulia uchukue namba iliyopo pale, kisha utofautishe pande hizo mbili kwa namba ya ukurasa iliyochapwa juu.

Eleza pia ni nani aliyeandika. Hadi 1901 tunachosoma ni daftari la karani wa sensa, aliyenakili fomu za kaya, hivyo tahajia ya jina inaweza kuwa yake. Kwa 1911 fomu zenyewe zimehifadhiwa, nyingi zikiwa na mwandiko wa mkuu wa kaya, na hapo utanukuu namba ya jalada na namba ya fomu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutaja kama uliona picha ya ukurasa au faharasa tu, yaani orodha ya majina iliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa hizo. Faharasa ya tovuti moja ilimpa babu wa shemeji yangu umri wa miaka 14, ilhali picha ilionyesha 19. Makarani waliojumlisha takwimu walikuwa wakipitisha alama za wino juu ya tarakimu za umri, na msomaji wa baadaye alidanganywa na alama hiyo. Kwa hiyo rejea yetu inataja sensa, namba zote, parokia na kaya, kisha tovuti tulikoiona picha na tarehe tuliyoiona.

Weka na tarehe ya sensa yenyewe. Ya 1881 ilihesabu waliolala katika kila nyumba usiku wa Aprili 3, wakati ile ya 1921 ilisogezwa hadi Juni 19, na kwa mtu aliyezaliwa Mei tofauti hiyo inahamisha mwaka wa kuzaliwa unaoukokotoa. Ya 1841 ihofie zaidi, kwani umri wa waliozidi miaka 15 uliagizwa upunguzwe hadi namba ya tano iliyo chini yake.

Utaratibu huu unafaa hata kwa vitabu vya usharika huku mlimani: andika usharika, miaka ya kitabu, namba ya mstari na kilipotunzwa. Kwa simulizi ya mzee, andika jina lake, uhusiano wake na anayesimuliwa, mahali na tarehe, na kama aliyashuhudia mwenyewe au aliyasikia kwa mwingine.