Choo cha paka kinachojiflashi: maji kwanza, waya baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Kaka, nimeona video ya choo cha paka wako. Nitumie mchoro wa waya na programu, Arduino nimeshanunua." (Arduino ni kompyuta ndogo ya saizi ya kiganja, unaipa programu nayo inaendesha mota na taa.) Hayuko peke yake. Tangu niirushe ile video, wanaoomba programu ni wengi, na wanaonicheka ni wengi zaidi. Wa kwanza nawajibu hapa. Wa pili nitawagusa pia, maana wao wamenigusa.

Kwanza sababu, kwa kuwa wapo wanaodhani niliamka siku moja nikakosa kazi. Mke wangu alikuwa mjamzito. Kwenye ukoo wetu habari hiyo ikitoka, hukumu ya paka inakuwa imeshapita: atiwe kwenye kiroba, akaachwe sokoni. Mama mkwe alisema, shangazi akasema, na jirani ambaye hakuulizwa naye akasema. Paka wangu, Chausiku, nimekaa naye tangu napanga chumba kimoja Mbagala, kabla ya ndoa, wakati chakula chetu cha jioni kilikuwa dagaa, yeye vichwa mimi viwiliwili. Sikuwa tayari kumtupa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hoja yao ilikuwa na ukweli ndani yake. Kuna kimelea kinaitwa Toxoplasma gondii. Paka anaweza kukitoa kwenye kinyesi, na mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza kinaweza kumfikia mtoto tumboni. Lakini wapiga kelele huishia hapo. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Vimelea vinahitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka ndipo viweze kuambukiza. Paka mwenyewe kwa kawaida huvitoa kwa wiki chache tu, baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Na nyama isiyoiva vizuri huleta ugonjwa huohuo, ila mishikaki pale nyumbani hakuna aliyeipiga marufuku.

Basi nikajiuliza: kinyesi kikiondoka ndani ya dakika chache, bila mkono wa mtu kukigusa, ugomvi unabaki wa nini?

Ukitafuta mtandaoni utaona Wazungu wakiwafundisha paka kupanda juu ya choo cha kukaa. Hata Charles Mingus, yule mpiga besi wa jazi wa Marekani, alijulikana kwa kumfundisha paka wake, Nightlife, kutumia choo cha nyumbani. Sisi tuna bahati wanayoikosa: choo cha kuchuchumaa. Paka hapandi popote, hachezi sarakasi kwenye ukingo unaoteleza. Anachuchumaa kama alivyoumbwa. Nilikuwa na choo cha uani ambacho kilishageuka stoo ya mafagio, nikakisafisha, kikawa cha Chausiku.

Sasa, kijana wa Morogoro, sikiliza. Umeanzia mwisho. Kila mtu anaanzia kwenye Arduino kwa sababu ina taa inayowaka. Kazi halisi ni maji.

Kariakoo watakuuzia vali ya umeme, yaani koki inayofunguliwa na umeme, ya volti 12, ya plastiki, nusu inchi. Nzuri na rahisi, lakini soma maandishi kwenye mwili wake: nyingi zinataka mgandamizo usiopungua 0.02 MPa. Maana yake, maji yasimame kama mita 2 juu ya vali. Matangi yetu mangapi yako juu hivyo? Langu limekaa kwenye kibaraza cha tofali, kimo cha kiuno changu. Vali ikawa inalia "tik", kisha inadondosha matone. Muuzaji akaniambia ni mbovu, nichukue nyingine. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inadai kimo ambacho nyumba yangu haina.

Hata ingefunguka, bado isingetosha. Sinki la choo halisafishwi na wingi wa maji, linasafishwa na kishindo chake. Lita kumi zikipita kwenye mpira mwembamba zitazunguka mzigo bila kuusogeza. Lita tatu zikianguka kwa mkupuo zinaubeba wote mpaka shimoni. Kwa hiyo nikaachana na vali. Nikachukua ndoo ya lita 20, nikaiweka kwenye fremu ya chuma ukutani, chini yake nikafunga kile kifuniko cha mpira kinachokaa ndani ya tangi la kuflashia, na bomba nene la PVC kushuka hadi kwenye sinki. Boya linajaza ndoo lenyewe. Mshipi wa kuvulia samaki unainua kifuniko. Siku za mwanzo nilikuwa nauvuta kwa mkono, hakuna umeme hata chembe, mpaka nikaridhika. Maji kwanza. Mota ndogo ya MG996R, inayogeuza mkono wake kwa amri ya Arduino, ilikuja baadaye kuvuta mshipi uleule.

Kwenye sensa, yaani kifaa cha kuhisi kwamba paka ameingia, nilipata somo ambalo sijaona mtu akiliandika. Nilifunga HC-SR04, ile yenye macho mawili inayopima umbali kwa sauti. Chausiku akifika mlangoni anageuza masikio, anakunja uso, anarudi. Sensa ile inapiga mlio wa kHz 40, yaani mitetemo elfu arobaini kwa sekunde. Sisi tunaishia kwenye 20, lakini paka anasikia kupita 60. Mimi nilikuwa nasikia kimya, yeye alikuwa anapigiwa filimbi usoni. Nikaweka HC-SR501 inayohisi joto la mwili likisogea, nikaivisha kipande cha bomba ili isitazame chumba kizima. Programu yenyewe ni mistari michache: paka akionekana kwa zaidi ya sekunde kumi, subiri aondoke, akishaondoka, hesabu dakika mbili, ndipo vuta. Kamwe usiflashi akiwa humo. Ukimtisha siku ya kwanza, utamkuta kwenye kapu la nguo.

Umeme nautaja kwa kifupi. Mota isile kwenye Arduino, itaizima kila ikivuta. Ipe njia yake ya umeme, ila waya hasi wa mota na wa Arduino ziungane. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo. Betri kuukuu ya bodaboda, na kishusha volti, haijaniangusha hata umeme ukikatika.

Shemeji yangu mmoja aliandika kwenye kundi la familia kwamba watoto wa shule hawana vyoo, huyu anamjengea paka. Emoji za kicheko zikamwagika. Sawa. Shemeji huyohuyo ana televisheni ya inchi 75 sebuleni, na sijasikia mtu akimuuliza ingejenga matundu mangapi ya choo. Mimi yote imenigharimu chini ya laki moja na nusu. Vijana mnaonisoma, najua mna michoro yenu chini ya godoro. Ukingoja ukoo ukupigie makofi kwanza, hutatengeneza hata kigoda. Tengeneza. Wacheke.

Kumzoesha paka ni uvumilivu tu. Beseni lenye maranda juu ya tundu, kisha beseni lililotobolewa, tundu likipanuka na maranda yakipungua. Usimnyang'anye yote, paka ana hamu ya kufukia. Na ikiwa shimo la choo lako liko karibu na kisima, usifanye hivi kabisa. Maji hayaui hiki kimelea. Kule California kimehusishwa na vifo vya fisimaji wa baharini, na wenye paka hushauriwa wasiflashi kinyesi.

Na mwenye dume aongeze kihesabio cha ziara. Choo kinachojisafisha kinafuta ushahidi, na paka dume huziba njia ya mkojo. Mimi nimeweka skrini ndogo inayoonyesha ameingia mara ngapi kwa siku. Namba ikipanda ghafla, zima mota, weka beseni kavu, uone kama mkojo unatoka. Ukikuta beseni bado kavu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.