Re: Fourth Wing ni majoka au mapenzi tu?

Mkuu, umeuliza kama riwaya ya majoka, Fourth Wing ya Rebecca Yarros, inamfaa mtu asiyependa hadithi za mapenzi. Inafaa, ila jiandae kuruka kurasa.

Niliianza kwenye SGR nikitoka Dar, na treni ilipofika Dodoma sikutaka kushuka. Ni ule mwanzo wake. Violet, mhusika mkuu, ana umbo dogo, viungo vyake huteguka ovyo, halafu ili aingie chuo cha wapanda majoka inabidi avuke ukingo mwembamba wa jiwe juu ya korongo, upepo unavuma. Na aliyemlazimisha ni mama yake mzazi, jenerali! Hapo hakuna mapenzi, ni roho mkononi tu. Majoka nayo yana midomo: Tairn, joka la Violet, anamsema kama babu yangu wa Kongwa anavyotusema tukichelewa kuamka msimu wa kulima.

Kinachonichosha ni Xaden, mwanamume anayependana na Violet. Kila akitokea tunapewa macho na kifua chake, utadhani hatukuambiwa sura iliyopita. Iron Flame, ya pili, nayo ya 2023 kama ya kwanza, imezidisha: ugomvi uleule wa "mbona hukuniambia" unarudi kila baada ya kurasa chache. Onyx Storm, ya tatu, ya 2025, naisoma kwa kusuasua.

Anza na ya kwanza, ya pili azima. Yangu ipo hapa Area C, pitia jioni uichukue.