Maji ya moto kutoka jiko la uani: bomba la hewa lisifungwe

Ndugu zangu wa Mtwara mjini hunishangaa wakisikia nimejenga jiko la kuchemshia maji ya kuoga. Waje Newala mwezi wa saba. Huku juu ya uwanda wa Makonde alfajiri ukungu umetanda, na mama yangu amepita miaka 70, magoti yanamsumbua. Ndoo ya maji ya baridi kwake ni mateso. Hita ya umeme inafaa, ila umeme ukikatika anaogea nini? Kuni tunazo kila tukipogoa mikorosho.

Mfumo wenyewe uko hivi. Pipa la chuma nene limejengewa jiko la matofali uani, na tangi la chuma la kuhifadhia maji ya moto limekaa juu zaidi, ukutani kwa bafu. Bomba moja linatoka juu ya pipa na kuingia sehemu ya juu ya tangi. Jingine linatoka chini ya tangi na kurudi chini ya pipa. Pampu haina kazi hapo. Maji yakipata moto huwa mepesi, yanapanda yenyewe, na ya baridi yanashuka kushika nafasi yake. Sharti bomba la kupandisha lipande tu, lisishuke hata mahali pamoja. Letu fundi alilishusha kukwepa dirisha kisha akalipandisha tena. Hewa ikanasa juu ya kona ile, pipa likatokota huku tangi ni baridi. Tukakata, tukaunga upya. Tumia inchi 1, kwenye nusu inchi maji yanasuasua.

Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Juu ya tangi toa bomba la hewa, lipite usawa wa maji ya simtanki inayolisha mfumo, ulipinde mdomo chini, ulipe uhuru wake. Lisiwekwe koki kabisa. Letu lilikuwa likitema maji batini tukizidisha kuni, na fundi mwingine akaona dawa ni kulifunga koki. Bomba la maji baridi nalo lilikuwa na valvu isiyorudisha maji nyuma. Mvuke ukakosa pa kutokea, na maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi mara 1,600 hivi. Nilikuwa nachambua mboga nikasikia pipa linanguruma. Ubavu umetuna kama andazi, rangi inabanduka kwenye mstari wa kuchomelea. Mama alikuwa bafuni. Nikamwita, "Mama, toka hivyo hivyo na kanga yako!" Tukakaa mbali mpaka moto ulipokufa wenyewe. Kesho yake asubuhi ile koki iling'olewa.

Bomba la karibu na jiko liwe la chuma, mbele yake la plastiki ya PPR, lile la maji ya moto. Plastiki ya PVC ya kawaida inalegea. Maganda ya korosho usiyachochee humo hata ukipewa bure: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unachoma macho na kifua. Sisi tunatumia maji ya mvua. Kama yako ni ya kisima na birika lako linashika ukoko mweupe, weka koki ya kumwagia uchafu chini ya pipa, na uifungue mara kwa mara jiko likiwa limepoa.

Bafuni koki ya moto nimeiweka juu, wajukuu wasiifikie. Mama hufungua ya baridi kwanza, kisha anaongeza ya moto kidogo kidogo mpaka mkono wake ukubali.